Upande Ulioitwa Mbele

Nyumba ya baba yangu katika milima ya Matiri ilijengwa ikitazama bonde. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu siku hizi wapo ndugu zangu wanaodai kwamba nyumba ile haikuwa na mbele wala nyuma, kwamba ilikuwa boksi tu la matofali mabichi lenye milango miwili, na kwamba aliyeigeuza hakugeuza kitu. Si kweli. Mbele ilikuwapo. Palikuwa na baraza yenye nguzo za mti mgumu, ngazi za mawe ambazo baba alizipanga mwenyewe, mibuni iliyoshuka pande zote mbili za njia, na njia yenyewe ikiteremka mpaka kijitoni tulikochota maji. Nyuma palikuwa na mlango mdogo wa kutokea jikoni, jiko la kuezekwa kwa nyasi, na juu ya jiko shamba la ngolo lililopanda mpaka mgongo wa mlima, ambako miaka mingi baadaye ilipitishwa barabara ya malori.

Kwa asiyeijua milima yetu, ngolo ni shamba la mashimo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatana, kama miraba ya daftari la hesabu. Wanawake huzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila mraba, na kazi ikiisha mteremko mzima unakuwa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii. Huingia shimoni, hutulia, kisha huzama taratibu ndani ya mlima. Ndiyo maana watu wameweza kulima maharage na mahindi kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kusimama.

Mama yangu hakuzaliwa na ngolo. Alikuwa Mnyasa wa ufukweni, upande wa Lipingo, binti wa familia ya Kianglikana iliyoishi kwa samaki na mihogo. Aliolewa huku juu kwa Wakatoliki, akapanda mlima kwa miguu akisindikizwa na mdogo wake wa kike, wakatokea bondeni, wakapita katikati ya mibuni, wakaingia kwa mlango ule unaotazama bonde. Mama mkwe wake alimpokea kizingitini na kumtua mzigo. Kisa hicho alitusimulia mara nyingi, na kila mara alikimalizia kwa mkono ulioonesha mlango, kana kwamba tusingeamini bila kuuona.

Mimi nilikuwa mtumishi wa ofisi ya ujenzi ya wilaya. Kazi yangu ilikuwa kukagua ramani za majengo kabla ya kugongwa muhuri: je, msingi unatosha, madirisha yanatosha, maji ya paa yanakwenda wapi. Serikali ilipoanza kupunguza watumishi, nami nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Nilirudi nyumbani na sanduku la nguo, rula yangu ya mbao na ubao wa kuchorea ambao ofisi haikuuhitaji tena.

Mdogo wangu alishika njia nyingine. Soko la kahawa lilipofunguliwa, chama cha ushirika kilianza kudhoofika, na wanunuzi binafsi wakaingia milimani na malori yao. Walihitaji mtu mwenye maneno matamu, anayewajua wakulima kwa majina ya baba zao. Wakampata yeye. Akawa wakala, akanunua pikipiki, kisha gari dogo la mizigo. Sitaki kumwandika vibaya kuliko anavyostahili. Sukari ya mama ilitoka kwake, na blanketi la mama lilitoka kwake. Alipenda kuonekana, lakini hakuwa mchoyo.

Sote wawili tulikubaliana kwamba nyumba ilihitaji kuongezwa. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kumsumbua. Alihitaji chumba chenye sakafu ya saruji na choo kilicho karibu. Wajukuu walipokuja likizo walilala wamebanana. Kwa hiyo nilitoa ubao wangu nikachora.

Naomba ramani ile ieleweke, kwa kuwa haikujengwa na haitajengwa. Niliweka nyongeza ubavuni mwa nyumba, ikifuata usawa wa mteremko, isiyopanda wala kushuka, ili mlima usikatwe. Msingi wake ulijitegemea. Kati ya ukuta wa zamani na ukuta mpya niliacha upenyo wa kupita mtu, uliofunikwa kwa paa jepesi, kwa sababu nyumba ya matofali mabichi imeshakaa na kutulia, na jengo jipya bado litatafuta pa kukaa. Ukiyafunga pamoja, moja litaliburuta jingine. Baraza ya baba niliirefusha ipite mbele ya chumba kipya, ili mama akitoka kitandani aone bonde lile lile. Dirisha lilikuwa chini kidogo kuliko kawaida. Nilipima urefu wake akiwa amekaa kitini.

Nilimpelekea karatasi. Hakuwa mtu wa kusoma michoro, lakini aliipangusa kwa kiganja kama anavyopangusa meza, akauliza:

"Mlango wangu uko wapi, baba?"

Aliniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. Nikamwonesha.

"Huu?"

"Huo, mama."

"Basi huo msiuguse. Niliingia kwa huo na nitatolewa kwa huo. Mengine fanyeni mtakavyo, hata mkitaka kunilaza juu ya bati."

Hilo ndilo alilolitaka. Sikumsikia akidai jambo jingine lolote kuhusu nyumba ile, wakati huo wala baadaye.

Mdogo wangu alikuja siku iliyofuata pamoja na fundi kutoka Mbinga mjini, kijana mnene mwenye kofia ya kitambaa na penseli sikioni. Tuliketi barazani. Mama alikuwa pembeni akipepeta maharage.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ramani hiyo hapo."

Aliitazama kwa heshima, nakiri. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kaka, kazi nzuri. Lakini umeiwekea nyumba makalio barabarani."

Fundi alicheka hadi kofia ikamwanguka.

"Nyumba haina makalio," nilisema.

"Hii inayo. Mtu akipita na lori pale juu anaona nini? Anaona choo, anaona moshi wa kuni, anaona mama na ungo wake. Wanunuzi wananiuliza, wakala wetu unakaa wapi? Niwaambie pale penye moshi?"

"Waambie washuke wazunguke. Mbele ya nyumba hii ni bondeni."

"Nani kasema?"

"Baba."

"Baba alijenga kabla ya barabara. Hakuwa na namna. Sasa nikuulize wewe, kaka, uliyekula mshahara wa ramani. Kule ofisini, mtu akileta mchoro wake, mbele mnaandika upande gani?"

Alijua jibu, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kusoma michoro alipokuwa mwanafunzi.

"Sema, kaka."

"Upande wa barabara."

"Rudia, fundi hakusikia."

"Upande wa barabara."

"Basi! Mimi nafuata sheria yako. Nani tena mvunja sheria hapa?"

Nilieleza kwamba kanuni ile iliandikwa kwa ajili ya viwanja vilivyopimwa mjini, mahali tambarare, ambapo barabara huchorwa kwanza na nyumba hufuata. Nilieleza kwamba katika milima hii nyumba ilitangulia, na barabara ni mgeni aliyepita nyuma. Nilieleza vizuri. Lakini mtu akishachekwa, maelezo yake hayana mahali pa kutua. Neno "mbele", ambalo nililiandika kwenye pembe za karatasi kwa miaka yote ya utumishi wangu bila kulifikiria, lilikuwa limesimama upande wa mdogo wangu.

Mama aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekaa nyuma?" aliuliza. "Marehemu baba yenu kanileta kutoka ziwani, kanipandisha mlima, kanikalisha nyuma ya nyumba, wala hakuniambia!"

Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka sote tukicheka pale barazani.

Ili jambo lipate baraka, mdogo wangu aliitisha sengu. Zamani sengu ilikuwa ni ukoo kula pamoja kwa mzee wao: kila nyumba ilileta chakula chake, watu wakala, wakasemezana, wakaonyana, na lililoamuliwa likawa limeamuliwa. Sengu hii chakula chote kilitoka kwake: mbuzi, wali, na pombe ya chupa. Wajomba na baba wadogo walikubali nyongeza ijengwe upande wa barabara huku mikono yao ikiwa bado ina mafuta. Sharti moja tu liliwekwa, nalo nililiweka mimi na wote wakaitikia: mlango wa mama usiguswe. Mdogo wangu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wengine. Akaongeza kwamba sebule mpya itakuwa kubwa kiasi cha kuketisha ukoo mzima, kwamba kuanzia sasa sengu itakaa kwenye makochi. Watu walipiga makofi.

Katika miaka ile neno "kisasa" lilifungua kila mlango. Kulikuwa na saluni ya kisasa penye kioo kimoja na ndoo ya maji. Kulikuwa na duka la kisasa lililouza sabuni ile ile ya duka la ushirika lililokuwa limefungwa mkabala wake. Hakuna aliyekuuliza kisasa ni kitu gani. Ukiuliza, ulionekana mtu wa mihuri, mtu anayetamani foleni za sukari zirudi. Mimi sikuzitamani foleni. Nilitaka kujua maji ya paa yatakwenda wapi.

Jiko la mama lilivunjwa kwanza. Halafu vibarua wakaukata mlima. Kati ya nyumba na shamba la ngolo hapakuwa na nafasi ya sebule, vyumba na varanda ya nguzo za duara, kwa hiyo nafasi ilitafutwa kwa sururu, na ukingo uliobaki ukasimama wima, mrefu kuliko mtu, umegusana kabisa na mahali pa ukuta. Nilimwambia fundi kwamba juu ya ukingo ule kuna mashimo yaliyokunywa mvua tangu enzi za babu, na kwamba maji yaliyozama lazima yatoke mahali.

"Mzee," alinijibu, "saruji hainywi maji."

"Na upenyo kati ya kuta mbili?"

"Upenyo wa nini? Watu watasema pesa ziliisha."

Akatoboa ukuta wa baba na kupitisha nondo, akaifunga nyumba ya zamani na mpya kama ng'ombe wawili kwenye nira moja, mmoja mzee na mwingine mbichi. Nilisimama nikatazama. Sikuwa na muhuri wa kumzuia, na hata ningekuwa nao, kijijini hakuna aliyekuwa anasubiri muhuri tena.

Haki ni haki: ilipokamilika ilipendeza. Kutoka barabarani uliona nguzo nyeupe, madirisha mapana ya vioo yenye nondo za maua, na bati jekundu. Madereva walipiga honi. Nyumba ya baba haikuonekana kabisa. Ilikuwa imejificha nyuma, kama mtu aliyekatazwa kutokea kwa wageni. Mama alizungushwa vyumba vyote, akasifu sakafu, akafungua na kufunga bomba ambalo halikuwa limeunganishwa na kitu chochote, kisha akarudi kulala chumbani kwake kwa zamani.

"Chumba chenu ni kizuri," alisema, "lakini kinanipa kisogo."

Mvua zilipoanza, tulizipokea kwa kutazama juu. Bati halikuvuja hata tone. Tulikaa tukilisifu. Kisha mke wa mdogo wangu akainua miguu kutoka kwenye zulia na kusema limelowa. Maji yalikuwa yanatoka ukutani, nyuma ya kochi kubwa, chini ya picha ya harusi yao. Hayakuwa mengi wala ya haraka, yalitoka bila kelele kama jasho.

"Bomba limepasuka," mdogo wangu alisema.

"Bomba lipi?" mkewe aliuliza. "Si unasema tanki litakuja mwakani?"

Nilijua ni maji gani. Yalikuwa maji ya ngolo, yanayozama taratibu, na mlima ulikuwa unayaachia mahali pale pale ulipokatwa. Mvua ilikwisha, jua likawaka wiki nzima, ukuta ukaendelea kutoa maji. Rangi ilivimba, ikapasuka kama ukurutu. Walipaka upya, ikavimba upya.

Ningeshauri mfereji wa kina nyuma ya ukuta, na niliushauri. Lakini nyuma ya ukuta hapakuwa na nafasi ya kuingiza hata jembe. Ilibaki kuchagua: kuivunja sebule, au kuliua shamba. Mdogo wangu alichagua bila kuniuliza. Alileta vibarua wakayafukia mashimo, wakasawazisha matuta, wakapanda nyasi fupi za mapambo, ili kutoka barabarani mpaka varandani pawe uwanja mmoja.

Maharage ya mama yalikuwa yametoa maua. Alikwea mpaka pale na jembe lake, akakaa kwenye tuta la mwisho ambalo lilikuwa bado halijaguswa. Vibarua wakasimama, wakaona haya.

"Endeleeni, wanangu," aliwaambia. "Mimi nimekaa tu."

Nilimfuata nikamwambia ashuke, jua kali. Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Nilipoletwa hapa nilikuwa sijui ngolo," alisema. "Kwetu tunalima mihogo kwenye mchanga. Mama mkwe alinishika mikono akanionesha: vuta udongo hivi, funika nyasi hivi. Watu walinicheka, wakaniita mwanamke wa samaki. Nilijifunza mpaka wakaacha kucheka. Sasa wanayafukia, na mimi sijui kazi nyingine."

Nilikaa kando yake mpaka vibarua walipofika kwenye tuta tulilokalia, tukainuka.

Mvua za mwaka uliofuata hazikuwa na mahali pa kuzama. Zilishuka juu juu, zikachukua udongo na nyasi za mapambo, zikaizunguka sebule kushoto na kulia, zikaenda kulala kwenye miguu ya kuta za matofali mabichi. Tofali bichi likinywa maji hurudi kuwa udongo. Jengo jipya nalo lilikuwa linatafuta pa kukaa, kama nilivyosema, na kwa zile nondo likaanza kuuburuta ukuta wa zamani. Ufa ulianzia juu, kwenye kona, ukashuka kwa mshazari kuelekea mlango wa mama. Ukuta wa mbele ukaanza kuinamia bondeni. Boriti ya juu ya mlango ikapinda katikati, na mlango ukawa unafungwa kwa kusukumwa kwa bega.

Ndio mwaka ambao bei ya kahawa ilianguka. Malori yakapungua, kisha yakaacha. Wanunuzi waliokuwa wakimwita mdogo wangu rafiki walihamia kwingine, na yeye akabaki na magunia yaliyojaa sebuleni mpaka dirishani, kahawa ikinyonya unyevu wa ukuta na kuota ukungu. Katika sebule ile ukoo wetu haukuwahi kukaa sengu hata siku moja. Makochi yalisukumwa varandani, kuku wakayalalia.

Nilikwenda Songea kufuatilia mafao yangu ya utumishi, nikakawia huko kwa kuambiwa njoo kesho. Niliporudi nilipanda kwa njia ya bondeni, kama kawaida yangu. Nilifika kwenye ngazi za baba, nikainua macho. Mlango haukuwapo. Mahali pake palikuwa na matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa saruji ambayo ilikuwa bado mbichi, na fremu ya mlango ilikuwa imelazwa chini pamoja na kuni.

Nilizunguka nyumba nikimtafuta mdogo wangu. Nilimpata varandani. Hakuniamkia.

"Umevunja neno la ukoo," nilimwambia.

"Nimeuziba usianguke," alijibu. "Boriti ilikatika usiku wa kuamkia jana. Ungetaka mama afukiwe na udongo mle ndani? Ungekuwapo ungefanya nini, kaka? Ungeandika barua?"

Nilikwenda nikaukagua. Nilitamani sana awe amekosea. Hakukosea. Pale mambo yalipokuwa yamefikia, kuziba lilikuwa ndilo jambo sahihi, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko upumbavu wote uliolitangulia: kwamba mwisho wa mfululizo wa makosa yao, hatua iliyomwondolea mama mlango wake ilikuwa ya kitaalamu kabisa.

Mama alihamishiwa chumba kipya chenye vioo. Alitundika kanga dirishani kwa sababu wapita njia walikuwa wanamwona akivaa. Alipanga kitanda ili uso wake uelekee ukuta ambao nyuma yake, kama angeweza kuona kupitia nyumba nzima, kulikuwa na bonde. Kila nilipoingia kumsalimu aliniuliza.

"Nenda kanitazamie. Wameshaufungua?"

"Bado, mama."

"Wanangoja nini?"

"Mvua ziishe."

Mvua ziliisha, zikaanza tena. Niliendelea kumjibu "bado". Sikuwa namdanganya; katika taratibu za ofisi, "bado" lilikuwa jibu halali kwa jambo ambalo halijakataliwa kwa maandishi.

Alifariki asubuhi moja ya masika, chai yake ikiwa bado ya moto.

Watu walijaa. Waliobanwa na mvua waliingia ndani, wakajaza sebule, korido na vyumba vya zamani mpaka chini ya ufa wenyewe. Kaburi lilichimbwa bondeni, kando ya baba, chini ya mibuni. Baba mdogo aliyekuwa mzee wa ukoo alisema kile ambacho sote tulijua kingesemwa:

"Atoke kwa mlango wake. Tuliahidi."

Mdogo wangu alikuwa ameshashika nyundo kubwa. Macho yalikuwa yamemvimba. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye ule ukuta wa matofali.

"Nitabomoa mwenyewe," alisema. "Nilijenga mimi, nitabomoa mimi."

Nilimwambia anipishe kwanza. Nikaweka kiganja. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini. Nikafuata ufa kwa macho: ulishuka kutoka kwenye paa mpaka kwenye kona ya matofali yale, na hapo ulikuwa umesimama. Haukupita. Matofali ya kuziba yalikuwa ndiyo yaliyobeba ukuta, ukuta ulikuwa umebeba paa la zamani, na paa la zamani lilikuwa limefungwa kwenye nyumba mpya ambamo watu wote walikuwa wamejikinga mvua. Hapakuwa na cha kuuegemezea ukuta kwa haraka, wala miti, wala muda.

"Acha," nilisema.

"Kaka, ni wewe uliyeweka sharti."

"Najua. Acha. Utaua watu."

Alishusha nyundo. Alinitazama bila hasira.

"Basi sema kwa sauti," alisema. "Wasikie kuwa ni wewe."

Nikasema kwa sauti. Nilisema kwamba mlango hautafunguliwa, kwamba marehemu atatolewa upande wa barabara na kuzungushwa nyumba hadi bondeni. Ilikuwa ndiyo amri yangu ya mwisho kuhusu jengo lolote, na kila mtu aliitii. Wanawake walianza upya kulia. Baba mdogo alitoka nje akasimama mvuani.

Mimi nilibaki katika chumba cha mbele, cha upande wa bonde, karibu na ukuta, kwa kuwa sikuweza kwenda mahali ambako watu wangenitazama. Ndipo niliposikia hatua kwenye ngazi za mawe, upande wa nje. Hatua za pole pole, za mtu mzee aliyepanda kutoka bondeni na kupumzika mara nyingi njiani. Zilifika barazani zikasimama.

"Hodi," sauti ilisema.

Niliitambua. Ilikuwa ya mama mdogo, mdogo wake mama kutoka Lipingo, yule yule aliyemsindikiza alipoletwa kuolewa. Alikuwa amepita njia aliyoijua na amefika kwenye mlango alioujua.

"Hodi humu ndani," alirudia. Nilisikia kiganja chake kikipapasa matofali, kikitafuta mbao. "Dada? Mbona mmeniwekea ukuta?"

Kati yangu na yeye kulikuwa na unene wa tofali moja.

"Karibu, mama mdogo," nilisema. "Zunguka. Mbele ni huku juu."